Binti Aliyeomba Maji ya Moto

— Usikate simu, hata ukienda chooni.

— Sijakata, Kamanda.

— Mbona sikuoni?

— Nilikuwa mlangoni. Nimeletewa maji.

— Maji gani tena?

— Ya kunywa. Ya moto. Mama wa mapokezi huniletea.

— Ameona nini humo ndani?

— Hajaona kitu. Nilifungua kidogo tu, nikatoa mkono.

— Ukifungua mlango huo bila ruhusa yangu mara nyingine, nitaandika kwamba umekaidi. Umenielewa, Binti Shi?

— Nimekuelewa, Kamanda.

Shi Ruolan alirudi akaketi kitandani, akaisogeza simu iliyoegemezwa kwenye taa ili uso wake wote uonekane. Upande wa pili alikaa mwanamume aliyevaa sare nadhifu ya polisi wa kwao China, na nyuma yake palikuwa na bendera na dirisha linalong'aa. Alijiita Kamanda Fang. Kwa siku nne Ruolan alikuwa hajaona uso mwingine.

Chumba kilikuwa namba tisa, katika nyumba ya wageni ya kando ya barabara kuu, kaskazini mwa mji wa Saskatoon. Pazia lilikuwa limefungwa. Nje baridi ilikuwa ile ya kugandisha kope. Ruolan alikuwa na begi moja na biskuti.

Yote yalianza kwa simu moja. Alikuwa ametoka maabara ya udongo, siku mbaya, karatasi ya mtihani mkononi ikiwa na alama za kutia aibu. Darasani hakuna aliyemsemesha. Profesa alikuwa amemwita "Rulon", wenzake wakacheka kidogo, naye akacheka nao ili yaishe. Ndipo simu ikalia, na sauti ya mwanamume ikasema kwa Kichina safi:

— Nazungumza na Shi Ruolan?

Alikuwa mtu wa kwanza siku hiyo kulitamka jina lake sawasawa.

Mtu huyo alimwambia kuna mzigo uliokamatwa, umejaa kadi za benki za kughushi, umetumwa kwa jina lake. Alimsomea namba yake ya pasipoti. Alimtajia mtaa wa wazazi wake kule Yibin. Kisha akamuunganisha na Kamanda Fang, naye Kamanda akamtumia hati ya kukamatwa yenye picha yake na muhuri mwekundu.

— Mimi sijafanya kitu, Ruolan alilia.

— Naamini, Kamanda alisema kwa upole. Wahalifu wamelitumia jina lako. Nitakusaidia kulisafisha. Lakini hii ni kesi ya siri. Ukimwambia mtu yeyote, na yeye anaingia kesini. Wazazi wako wakijua, tutawakamata kwa kuficha mtuhumiwa. Unataka hivyo?

— Hapana!

— Basi hama hapo unapokaa. Leo hii. Na simu isikatike.

Nani angemuuliza? Kwao tangu utoto walifundishwa kwamba habari njema hupelekwa nyumbani, na habari mbaya humezwa. Mtihani ukienda vibaya, unamwambia mama kuna theluji nzuri. Ukiumwa, unasema umenenepa. Wazazi nao wakiumwa, wanakwambia wanacheza ngoma za jioni uwanjani. Ruolan alikuwa amemeza mengi tangu afike Kanada, na hili nalo akalimeza.

Simu ilitetemeka. Ujumbe uliingia juu ya uso wa Kamanda.

— Nani huyo?

— Manting. Tunaishi naye nyumba moja.

— Usome kwa sauti.

Ruolan akasoma:

"Dada, huyu kijana wako amenichosha. Kila nikifungua mlango namkuta kwenye ngazi, pua nyekundu kama ya mlevi. Nimwambie nini? Na wewe uko wapi na huyo mwanamume wako mpya? Angalau nitumie picha nijue kama anafaa!"

— Jibu hivi, Kamanda alisema. "Nina furaha. Mwambie aache kunifuata."

Vidole vya Ruolan vilisita.

— Kamanda, naomba nisiandike hilo.

— Kwa nini?

— Anaumia.

— Binti Shi, huyo Geng Botao tunamchunguza. Alikutana nawe wapi?

— Kanisani.

— Kanisani! Kamanda alicheka kidogo. Wewe ulikwenda kufanya nini kanisani?

Ruolan angemwelezaje? Mwanzo alikwenda kwa sababu ya chakula, na hakulificha hilo hata mbele za Mungu. Kila Ijumaa jioni Shangazi Gao, mama wa makamo wa Kichina aliyekuwa ameishi mji huo muda mrefu, aliwapikia wanafunzi mandu, vifuko vya unga vilivyojazwa nyama na kabichi, kwenye ukumbi wa kanisa. Ruolan alikula, akashukuru, akaondoka. Mara ya pili akabaki kusikiliza neno. Mara ya tatu akabaki kuosha vyombo, na pale kwenye sinki akamkuta kijana mrefu wa Harbin, mikono imejaa povu, akimuuliza Shangazi Gao:

"Shangazi, nikiosha sahani zote hizi nitapata mke?"

"Utapata mafua," Shangazi alimjibu. "Songa, umpishe mwenzako."

Mwenzake ndiye alikuwa Ruolan. Tangu siku hiyo hawakuachana. Walikuwa wamepanga kwamba mwaka mpya wa kwao ukifika, Ruolan angewapigia wazazi na kumwonyesha Botao kwenye simu, na kwao binti haonyeshi kijana nyumbani kwa mchezo. Na sasa Kamanda alikuwa amemwamuru amwandikie: "Botao, nimechoka. Nimepata mtu mwingine anayenifaa. Usinitafute."

Alikuwa ameandika. Kila neno.

Na Botao alikuwa amejibu: "Sawa. Mungu akubariki na huyo wako. Ila hata mtu akighairi pizza huomba radhi."

— Andika! Kamanda alipaza sauti.

Ruolan akamwandikia Manting alivyoambiwa. Kisha akainamisha kichwa, midomo ikaanza kucheza bila sauti.

— Unaongea na nani?

Alishtuka.

— Siongei na mtu.

— Midomo inatikisika. Nani yuko humo chumbani?

— Hakuna mtu, Kamanda. Naomba.

— Unaomba nini?

— Namwomba Mungu.

Kamanda alisema kwa sauti ya baridi:

— Mungu hayumo kwenye orodha ya watu unaoruhusiwa kuongea nao.

Ruolan aliitikia "ndiyo, Kamanda", kwa kuwa ndivyo alivyozoea. Lakini safari hii alilipima neno lile. Baba yake alikuwa mkali, walimu wake walikuwa wakali, na polisi aliwaogopa tangu akiwa mdogo. Hakuwahi kusikia hata mmoja wao akikataza hilo.

Ujumbe mwingine ukaingia.

— Soma.

"Lan, niko nje ya maabara. Hupo. Ulikuja maabara ukiwa na homa, ukaja na mguu uliotenguka, leo hupo. Uko wapi?"

— Usijibu.

Na mwingine:

"Sikutafuti kwa ajili yangu. Niambie tu kama unakula."

Ruolan alijifuta machozi kwa mkono wa sweta.

— Usijibu, Kamanda alirudia. Maneno matamu ndiyo chambo chao. Sasa nisikilize vizuri, maana tunakaribia mwisho. Unataka kesi iishe leo?

— Leo? Kweli, Kamanda?

— Leo. Wakubwa zangu wanataka jambo moja tu. Wahalifu waliotumia jina lako inabidi waamini kwamba umetekwa. Tutawaonyesha picha, wao watajitokeza, tutawakamata, na wewe utakuwa huru. Una skafu?

— Ninayo.

— Jifunge mikono. Lala sakafuni. Lia kidogo. Piga picha, unitumie.

Ruolan aliitazama skafu yake iliyokuwa juu ya kiti.

— Kamanda… picha hiyo wataiona wahalifu tu?

— Wahalifu tu.

— Mama hataiona?

— Binti Shi, unanihoji mimi?

— Hapana, Kamanda. Nisamehe.

Aliichukua skafu. Aliizungusha kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akalikaza fundo kwa meno. Akapiga magoti juu ya zulia lililonuka sigara za zamani, akawaza: nikishalala hapa, nitaamka nikiwa nani?

Mlango ukagongwa.

— Ruolan!

Aliiacha skafu ikining'inia mkononi.

— Ruolan, najua umo. Fungua. Ni mimi, Botao.

— Umemwambia uko wapi? Kamanda alinong'ona kwa hasira.

— Sikumwambia! Naapa!

— Nani huyo? Botao aliuliza kutoka nje. Nimesikia sauti ya mwanamume.

— Hakuna mtu, Botao. Ondoka!

— Hakuna mtu, na ananong'ona? Ukuta wenyewe mwembamba kama karatasi, Ruolan! Mwambie atoke tuonane.

— Mwambie una mpenzi wako ndani, Kamanda aliamuru. Mwambie aondoke.

— Niko… niko na mpenzi wangu, Ruolan alisema. Nenda zako.

Upepo ulisikika ukisukuma theluji chini ya mlango. Ruolan alifumba macho. Alisubiri mlango upigwe teke, au atukanwe, au asikie hatua zikiondoka. Kila moja kati ya hayo aliliogopa, na la mwisho aliliogopa zaidi.

— Sawa, Botao alisema kwa sauti ya chini. Sikuja kupigana. Nimekuja na mambo mawili, nikishayasema naondoka. La kwanza, nimekwenda kwa profesa wako. Nimemwambia unaumwa. Kasema kesho saa tatu asubuhi anakuruhusu urudie kazi ya maabara, lakini usipofika anakufuta kwenye somo, na ukifutwa unajua kibali cha kukaa hapa kitakuwaje. Kwa hiyo niache mimi, usiache masomo. Uje naye huyo bwana wako akusubiri nje, mimi sitatokea.

Ruolan aliweka mkono uliofungwa mdomoni.

— La pili, nimekuletea uji wa wali wa Shangazi Gao. Nauweka hapa chini. Utaganda usipouchukua sasa hivi. Ni huo tu.

— Usifungue, Kamanda alinong'ona. Huyo ndiye mshukiwa wetu wa pili. Ana silaha. Ukifungua umekufa.

Ruolan aliitazama simu. Kisha akautazama mlango. Ndani ya simu kulikuwa na mtu aliyesema anamsaidia, na kwa siku nne alikuwa amemnyang'anya chuo, rafiki, mama, mpenzi na hata Mungu wake. Nje kulikuwa na mtu aliyeambiwa ana silaha, na alikuwa ameleta uji.

— Kamanda, alisema polepole, naomba nimpigie mama yangu. Dakika moja tu.

— Ukimpigia tunamkamata.

— Kwa kosa la kupokea simu ya mwanawe?

— Binti Shi! Lala chini!

Bwana wangu, nisaidie, Ruolan aliomba, na safari hii aliomba kwa sauti. Akainuka. Akafungua mlango.

Botao alikuwa ameshageuka kuondoka. Sikio lake la kushoto lilikuwa jeupe kwa baridi. Aligeuka na uso wa mtu aliyejiandaa kumwona mwanamume mwingine, akatazama juu ya bega la Ruolan, akakiona chumba kitupu. Kisha akaona skafu.

— Nani amekufunga?

— Nimejifunga mwenyewe.

— Kwa nini ujifunge?

Ruolan aliweka kidole mdomoni, akaelekeza mkono kwenye simu. Botao aliingia, akafunga mlango, akasogea mpaka mbele ya kioo cha simu. Akakutana uso kwa uso na mtu mwenye sare.

— Wewe ndiye Geng Botao? Kamanda aliunguruma. Upo chini ya uchunguzi! Kaa chini, weka mikono kichwani!

Botao alirudi nyuma hatua moja. Ruolan alimwona naye akiogopa, akainua mikono nusu, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Maana sare ni sare, na wote wawili walilelewa mahali pamoja.

— Samahani, kaka, Botao alisema. Wewe ni wa kituo gani?

— Siri!

— Na huko kituoni kwenu sasa hivi ni saa ngapi?

— Nimesema kaa chini!

Botao hakukaa. Alishusha mikono polepole. Alikuwa anatazama nyuma ya Kamanda, pale dirishani. Akamgeukia Ruolan, na sauti yake ikawa ya taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

— Lan, wewe huwa unampigia mama yako saa ngapi?

— Jioni. Baada ya… jioni.

— Kwa nini hupigi saa hizi, mchana?

— Kwa sababu huko kunakuwa… Ruolan alisita. Huko kunakuwa usiku. Wamelala.

— Sasa hivi hapa ni saa nane mchana. Nyumbani ni saa kumi alfajiri. Ni giza kutoka Harbin mpaka kwenu Yibin. Hebu tazama dirisha la huyu bwana. Hilo jua limechomoza wapi?

Ruolan alitazama. Siku nne alikuwa amelitazama dirisha lile, asubuhi, mchana na jioni, na daima lilikuwa linang'aa. Yeye aliyeishi na saa mbili kichwani tangu atue Kanada, asiyemeza tonge bila kuhesabu kama mama yake ameshaamka, hofu ilikuwa imemsimamishia saa zote mbili.

Mtu yule aligeuza shingo haraka, akatazama nyuma yake.

Mara kioo kikawa cheusi.

Ruolan alikaa sakafuni palepale. Alitaka kulia, kikatoka kitu kama kikohozi. Botao alipiga magoti, akaanza kulifungua fundo, lakini vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi.

— Umelifunga kwa meno, alisema. Ngoja na mimi nilifungue kwa meno.

— Umejuaje niko hapa?

— Wei, yule mwanafunzi mwenzetu aliyekuleta kwa gari lake, aliniambia alikushusha barabara hii. Nimeingia nyumba za wageni zote. Nikiuliza, "Kuna binti wa Kichina?", wananijibu, "Hatutoi habari za wageni." Hapa nikakumbuka sisi kwetu tunavyopenda maji ya moto matupu, nikabadilisha swali. Nikamuuliza yule mama: "Kuna mgeni yeyote anayekataa barafu, anaomba maji ya moto?" Akacheka mpaka akashika meza. Akasema, "Wa namba tisa! Kila siku birika zima, hatii hata majani ya chai. Nilidhani ni dawa."

Ruolan alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakapata njia.

Botao aliwapigia simu polisi wa mji, wakaja wawili, mama mmoja mnene na kijana aliyeandika. Yule mama alizungumza polepole, akirudia kila jambo mara mbili. Alisema Ruolan si wa kwanza mwaka huo. Alisema ile picha ingefika kwa wazazi wake kabla ya jioni, na wao wangeambiwa binti ametekwa, na wangetoa kila walichonacho huku yeye mwenyewe amekaa hapa akiitunza siri.

— Hukufanya kosa lolote, alisema mara mbili. Unanielewa? Hukufanya kosa.

Waliporudi mjini kwenye gari la kuazima la Botao, Ruolan alimtazama kwa pembeni. Taya lake lilikuwa limekaza.

— Umenikasirikia.

— Naendesha.

— Botao.

— Ulipoandika "nimepata mtu mwingine", ulitumia vidole vyako.

— Aliniambia kila neno.

— Hata "anayenifaa"?

— Hata hilo.

— Jamaa anajua kuumiza, Botao alisema. Siku mbili nilikulaani, Lan. Sitakuficha. Nililala na hasira na niliamka nayo. Siku ya tatu nikasema niombe, angalau nikushitaki kwa Mungu. Nilipopiga magoti sikukumbuka kosa lako hata moja. Nikakukumbuka na mguu wako uliotenguka, unachechemea kwenda maabara. Nikajua kuna kitu.

— Nilidhani nakulinda. Alisema ukijua, watakukamata na wewe.

— Ulinilinda na polisi wa uongo. Na maneno yako, nani alinilinda nayo?

Ruolan aliuchukua mkono wa Botao kutoka kwenye gia, akaushika. Botao hakuuondoa.

— Nisamehe, Ruolan alisema. Sikuombi unisamehe leo yote. Anza na nusu.

— Nusu umepata ulipofungua mlango.

— Na iliyobaki?

— Mpigie mama yako.

Ruolan aliachia mkono.

— Hapana. Hilo hapana. Watakufa kwa wasiwasi. Nitawaambia nikimaliza masomo.

— Lan, huyu mwizi alipitia wapi? Alipitia hapohapo. Alijua hutasema. Na kesho atampigia mwingine kama wewe, naye hatasema. Na tukioana, ukiumwa utaniambia umenenepa?

— Umesema tukioana?

— Nimesema mpigie mama yako.

Walisubiri jikoni kwa Shangazi Gao mpaka kule Yibin kupambazuke. Shangazi aliwawekea mandu, naye Ruolan akala kama mtu aliyetoka kufunga, daftari la maabara ya kesho likiwa wazi mbele yake. Kisha akabonyeza jina la mama. Simu iliita mara moja tu.

— Lan! Mbona leo mapema? Umekula? Huko kuna theluji? Baba yako ndiyo anafungua duka, ngoja nimwite. Mbona macho yamevimba?

Ruolan alifungua kinywa aseme kuna theluji nzuri. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Alilimeza hilo badala ya habari mbaya.

— Mama, kaa chini. Baba naye akae. Nina habari mbaya, lakini mimi ni mzima.

Akawaeleza. Simu, mzigo, Kamanda, chumba, skafu. Alieleza mpaka alama za mtihani, ambazo hakuna aliyemuuliza. Mama yake aliziba mdomo kwa kiganja. Baba yake, aliyekuwa amesimama kati ya makufuli na bawaba na misumari ya duka lake, hakutikisika. Alipomaliza, Ruolan alisubiri kugombezwa. Alisubiri waseme, rudi nyumbani.

— Aliniambia nimwache kila mtu, aliongeza kwa sauti ndogo. Na huyu alikuwa wa kwanza.

— Huyu nani? mama aliuliza. Huyo kijana nyuma yako mwenye sikio jekundu?

Botao alisimama wima kama yuko gwaride.

— Shikamoo mama, shikamoo baba. Naitwa Geng Botao.

— Ndiye uliyeamriwa umwache?

— Ndiye, mama.

Mama alimtazama Botao kwa jicho la mwenye duka. Kisha akamgeukia mumewe.

— Baba Lan, mwizi akitaka kuingia dukani anavunja nini kwanza?

— Kufuli, baba alijibu.

— Basi. Hata mwizi ameona kufuli la mtoto wetu liko wapi, sisi wazazi hatukujua hata kama analo. Lan, kwa nini hukutuambia una mtu?

— Nilikuwa nasubiri mwaka mpya.

— Mnasubirisubiri, na wezi hawasubiri.

Baba alisogea karibu na simu, uso wake ukajaa kioo chote. Macho yalikuwa yamelowa lakini sauti ilikuwa ya kikazi.

— Kijana, wewe ni wa wapi?

— Harbin, baba.

— Mbali. Sisi huku tunakula pilipili asubuhi, mchana na jioni. Unakula pilipili?

Ruolan alimkanyaga mguu chini ya meza, maana alijua jibu linalotakiwa. Shangazi Gao naye alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu kutoka kwenye jiko: sema ndiyo, sema ndiyo.

Botao aliwatazama wote wawili, akamgeukia baba.

— Hapana, baba. Nikila nalia.

Baba yake Ruolan akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekuwa ameshikilia pumzi tangu mwanawe aseme "kaa chini". Alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa koti.

— Mlete, Lan, alisema. Mlete mwaka mpya tumwone. Pilipili tutamfundisha.